Homa ya Bondeni na Homa ya Mlimani: Kupimwa kwa Dawa za Miti za Malaria, Mbulu na Hanang

Mtu asafiriye kutoka ufuko wa ziwa Eyasi kupanda mpaka mji wa Mbulu hupita, kwa mwendo wa siku moja, katika nchi mbili zisizofanana. Chini, kwenye kimo cha meta 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, jua ni kali, miti ni ya miiba, na mvua ikisha kunyesha mbu hawakosi. Juu, penye meta 1,700 na zaidi, ukungu hutanda asubuhi, watu hujifunika mablanketi, na kijidudu cha malaria hukua kwa shida ndani ya mbu kwa sababu ya baridi. Hanang nayo ina tofauti kama hiyo: mlima wenyewe wapanda hata kupita meta 3,400, na chini yake lipo bonde lenye joto na ziwa la chumvi la Balangida.

Wenyeji wa nchi hizi ni wa asili mbalimbali. Wako Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Wako Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, wafugaji wa lugha ya Kiniloti. Wako Wahadzabe, wawindaji wa pande za Yaeda na Eyasi, wenye lugha ya pekee. Na majirani zao ni Wabantu, kama Wanyisanzu na Wanyiramba. Ni mahali pachache sana katika Afrika ambapo lugha za asili nyingi hivyo zakutana katika eneo dogo. Mti mmoja waweza kuwa na majina manne, na kila jina laja na habari zake: wengine huchemsha mizizi, wengine huponda majani, wengine hutia magome katika supu ya nyama. Miongoni mwa Wairaqw aitwaye qwaslarmo huheshimiwa kwa uaguzi na kwa dawa. Lakini dawa za maradhi ya kila siku hazikuwa siri yake peke yake, bali zilijulikana pia na wazee, akina mama na wachungaji.

Habari ya kupimwa kwa dawa hizo yahusu swali moja, ambalo kwa sura ni jepesi: mtu akishikwa na homa, akanywa dawa ya mti, akapona, ni nini kilichomponya?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa ni ushuhuda wa aliyepona. Ushuhuda huo si wa kudharauliwa, maana bila ya huo mpimaji asingejua mti gani achimbe katika maelfu ya miti. Hata hivyo, kwa upande wa malaria, ushuhuda una hatari zake, na hatari hizo huonekana wazi zaidi katika nchi yenye mabonde na milima kama hii. Mtu mzima aliyezaliwa na kukulia bondeni ameumwa na mbu tangu utoto. Asipokufa katika miaka ya kwanza, mwili wake hujifunza kupigana na kijidudu, hata homa ikimrudia humwacha baada ya siku chache. Daktari Robert Koch, aliyefanya kazi Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1897 na 1898, alilitambua jambo hilo baadaye kidogo huko New Guinea, alipoona kwamba watoto walijaa vijidudu katika damu na watu wazima hawakuwa navyo ila kwa nadra. Basi mtu mzima wa bondeni akinywa maji ya mizizi akapona siku ya tatu, huenda aliyemponya ni mwili wake mwenyewe, na sifa ikaenda kwa mti.

Mlimani mambo ni kinyume. Malaria hufika kwa vipindi, mwaka wenye mvua nyingi na joto, na watu wa huko, wakubwa kwa wadogo, hawana kinga ya kutosha. Tena homa nyingi za mlimani si malaria kabisa: ni za mapafu, za matumbo, au za maradhi yatokayo kwa mifugo. Mtoto mwenye homa ya mafua makali akipewa dawa akapona, dawa hiyo huhesabiwa kuwa dawa ya malaria, hali malaria haikuwapo. Wala kosa hili si la waganga wa miti peke yao. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania: katika wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa kwa kudhaniwa kuwa na malaria kali, chini ya nusu ndio waliokutwa na vijidudu katika damu. Ikiwa hospitali yenye hadubini hukosea kiasi hicho, si ajabu mzee asiye na hadubini akikosea pia.

Kwa hiyo dawa iliyopata sifa bondeni kwa watu wenye kinga yaweza kupelekwa mlimani kwa mtoto asiye na kinga, na mtoto akafa. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Hapo ndipo lilipo jambo zito la habari hii. Kupima dawa ya mti si kumkadhibisha mzee. Ni kutenganisha kazi ya mti na kazi ya mwili, na kutenganisha malaria na homa nyinginezo, mambo ambayo macho peke yake hayawezi kuyatenganisha.

Elimu ya kutenganisha mambo hayo haikuzaliwa siku moja. Ganda la mti wa sinkona lilikuwa limekwisha tumiwa kwa karne mbili na Wazungu waliolipata Amerika ya Kusini, ndipo mwaka 1820 Pelletier na Caventou huko Paris walipotoa ndani yake kwinini, kitu chenyewe chenye nguvu. Walifanya hivyo bila ya kujua malaria ni nini. Kijidudu chenyewe kilionekana mara ya kwanza mwaka 1880, na Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria. Na mwaka 1897 Ross alionyesha huko Bara Hindi kwamba mbu ndiye akichukuaye. Tangu hapo swali liliweza kuulizwa kwa namna mpya: si tena kama mgonjwa amepona, bali kama kijidudu kimekufa.

Tanganyika iliingia mapema katika habari hii. Katika milima ya Usambara Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, wakapanda sinkona. Vita vya 1914 vilipokuja, manowari za Waingereza zikaziba njia za bahari, na dawa kutoka Ulaya zikakoma. Kwinini ikatengenezwa Amani kwa magome ya miti ya hapo. Na kituo kilipotekwa, askari wa Lettow-Vorbeck walichemsha magome wakanywa maji yake, machungu kupita kiasi, ambayo waliyapa kwa mzaha jina la pombe ya jemadari wao. Jeshi likaendelea na vita. Mwenye kufikiri ataona kwamba jeshi lile la Kizungu, lililojivunia elimu yake, lilirudi kwenye chungu cha mganga: gome, maji na moto. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ni kubwa: walijua kwa hakika gome lile lina nini ndani yake.

Vita vya pili vilifundisha somo lile lile kwa dunia nzima. Mwaka 1942 Wajapani waliteka kisiwa cha Java, kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya ulimwengu, na Wamarekani wakaanza kutafuta dawa kwa kila njia. Mwaka 1947 Spencer na wenzake walitangaza matokeo ya kupima mimea karibu 600 kwa kutumia vifaranga vya kuku na vya bata walioambukizwa malaria ya ndege. Lakini malaria ya ndege si malaria ya mtu. Mwaka uliofuata, 1948, Vincke na Lips walipata katika panya wa msituni wa Katanga, nchini Kongo, kijidudu kilichoitwa Plasmodium berghei, ambacho kiliweza kukaa katika panya wa maabara. Kwa miaka mingi baadaye dawa nyingi za malaria duniani zilipimwa kwanza kwa kijidudu hicho cha Kongo.

Mlango mkubwa ulifunguka mwaka 1976. Trager na Jensen huko New York walifaulu kukifuga kijidudu chenyewe cha binadamu, Plasmodium falciparum, nje ya mwili wa mtu, katika sahani yenye chembe nyekundu za damu, ndani ya chombo ambamo mshumaa uliwashwa mpaka oksijeni ikapungua. Baada ya miaka michache ikapatikana njia ya kupima wingi wa vijidudu bila ya kuvihesabu kimoja kimoja. Kijidudu kikikua huhitaji kemikali iitwayo haipozanthini. Wapimaji huitia kemikali hiyo alama ya mionzi, wakaiweka katika sahani pamoja na dawa, kisha wakapima kiasi kilichomezwa. Kilichomezwa kikiwa kidogo, vijidudu vimezuiwa. Kiasi cha dawa kinachozuia nusu ya ukuaji ndicho kipimo cha nguvu zake. Na kadiri kiasi hicho kilivyo kidogo, ndivyo dawa ilivyo kali.

Tanzania nayo ilikuwa imejiweka tayari. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanakemia Mayunga Nkunya alishirikiana na Mwasumbi, mjuzi wa mimea, na wenzao wa Ulaya. Kazi ya Mwasumbi haipasi kusahauliwa, maana mahali penye majina manne ya mti mmoja, au jina moja la miti miwili, kipimo chochote kisichoanza kwa kuutambua mti wenyewe ni kazi bure. Mwaka 1990 walitangaza matokeo ya kupima dawa za miti za Tanzania juu ya ukoo wa vijidudu uitwao K1, uliotoka Thailand, ambao ulikuwa umekwisha zoea klorokwini. Uchaguzi huo ulikuwa na maana: hapana faida kuipongeza dawa inayoua vijidudu ambavyo dawa ya dukani ingaliviua.

Mwaka 1994 Gessler, pamoja na Nkunya, Mwasumbi na wenzao wa Uswisi, walitangaza kipimo cha mimea 43. Miongoni mwa iliyoonyesha nguvu kubwa lilikuwamo gome la mizizi ya Maytenus senegalensis, ambao wataalamu wa sasa huuita pia Gymnosporia senegalensis: mti mdogo wa miiba, uliotapakaa katika nyika za Afrika kutoka Senegali mpaka pwani ya mashariki. Si mti wa ajabu kwa kuutazama. Mchungaji hupita karibu nao kila siku.

Hapa msomaji aweza kudhani kwamba kazi ilikwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilianza. Kitu kinachoua kijidudu katika sahani chaweza kuwa ni sumu inayoua kila kilicho hai. Hata mkojo wa ng'ombe au spiriti kali haungekosa kuonyesha nguvu ukimiminwa kwa wingi. Tena kitu chenye nguvu katika sahani chaweza kuharibiwa na tumbo au na ini kabla hakijafika katika damu. Kinyume chake pia ni kweli: dawa yaweza kushindwa katika sahani kwa sababu mpimaji ameitengeneza vibaya.

Mfano ulio mashuhuri watoka Uchina. Katika kazi ya siri iliyoanzishwa mwaka 1967, Tu Youyou na wenzake walipima aina ya pakanga, Artemisia annua, wakaona matokeo yanayumba, leo mazuri, kesho mabaya. Ndipo Tu aliporejea kitabu cha mganga Ge Hong wa karne ya nne, akaona kwamba huyo mganga hakuchemsha majani. Aliyaloweka katika maji na kuyakamua. Tu akaelewa kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha kwa joto dogo, na mwezi wa Oktoba 1971 dawa yake, namba 191, ikavimaliza vijidudu vyote katika panya, navyo vilikuwa vya ule uzao wa Katanga. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Funzo lake kwa wapimaji wa Mbulu na Hanang ni kwamba haitoshi kumwuliza mzee jina la mti. Yapasa kumwuliza umechimbwa msimu gani, umekaushwa juani au kivulini, umechemshwa au umelowekwa, katika maji au katika mafuta ya supu, na mgonjwa alipewa kiasi gani kwa siku ngapi. Neno moja lililoachwa lisiandikwe laweza kuupoteza mti mzima.

Safari ya ule mti wa miiba yaonyesha urefu wa njia. Baada ya sahani ya 1994 ilipita miaka 21, ndipo mwaka 2015 Malebo na wenzake wa Tanzania walipotangaza kwamba dawa yake imewapunguzia vijidudu panya wenye malaria, na wakachunguza pia sumu yake. Ikapita miaka 7 zaidi, na mwaka 2022 yakatangazwa matokeo ya jaribio la kwanza la vidonge vyake kwa watu, wanaume wenye afya waliojitolea. Vidonge vilivumilika. Hata hivyo jaribio la namna hiyo halisemi kama dawa yaponya. Lasema tu kwamba yafaa kuendelea kuuliza. Kutoka sahani hata mtu wa kwanza ilipita miaka 28.

Na wakati miaka hiyo ilipokuwa ikipita, malaria haikungoja. Klorokwini, iliyokuwa dawa ya kila duka, iliachwa rasmi nchini Tanzania mwaka 2001 kwa sababu vijidudu viliizoea. SP iliyoshika mahali pake haikudumu, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ambayo nusu yake yatokana na lile pakanga la Uchina. Katika damu zilizokusanywa mwaka 2021 mkoani Kagera zilionekana alama za vijidudu vilivyoanza kuistahimili dawa hiyo pia. Kagera ni mbali na Hanang, lakini vijidudu husafiri pamoja na watu.

Nchi nayo haikungoja. Zamani za utawala wa Waingereza vichaka vya Mbulu vilifyekwa ili kumfukuza ndorobo, na watu na ng'ombe wakaenea mahali palipokuwa pori. Katika Hanang, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kisha kwa msaada wa Kanada, yalilimwa mashamba saba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, karibu eka 100,000, katika malisho ya Wabarabaig. Mambo hayo mengine yalikuwa na sababu nzuri, na mengine yalileta kesi mahakamani. Lakini jembe la trekta halichagui: huondoa kichaka, na pamoja nacho gome ambalo hapana aliyelipima. Na mzee aliyejua namna ya kulitengeneza akifa, wala hakumwambia mtu, mti ungalipo kwingine ni kama umekufa naye.

Katika miaka ya 2010 wachunguzi wa Kitanzania walifika Mbulu na Hanang wakawauliza wakulima na wafugaji habari za mimea yao, na baadhi ya mimea ikapimwa nguvu zake juu ya bakteria pamoja na ukali wa sumu yake. Huo ni mwanzo mwema, nao waelekea mahali pa haki: kuanza kwa mwenye ujuzi, kuutambua mti kwa hakika, kisha kuupima.

Lakini historia yadai jambo la nne, ambalo mara nyingi limesahauliwa, nalo ni kurudi. Mti umetoka kijijini ukaenda Dar es Salaam, ukaenda London na Basel, ukapata jina la Kilatini na tarakimu ya nguvu zake. Tarakimu hiyo ina faida gani kwa mama wa Dongobesh au Katesh aliye na mtoto mwenye homa usiku, ikiwa hakuna aliyerudi kumwambia kwamba mti fulani haukuonyesha nguvu yoyote, na mwingine una nguvu lakini una sumu? Jibu la hapana ni jibu lenye thamani kama jibu la ndiyo, na pengine zaidi, maana ndilo litakalomfanya mama huyo asingoje siku ya tatu, bali ampeleke mtoto akapimwe damu asubuhi ile ile.

Mzee wa bondeni husema dawa yake huponya, naye hasemi uongo. Ameona watu wakipona. Mpimaji wa maabara husema dawa ile haikuua vijidudu katika sahani, naye hasemi uongo, amepima. Kweli zao hazitapatana mpaka watu hao wawili waketi pamoja, mzee aeleze alivyoichemsha dawa yake, na mpimaji aeleze aliyepona alikuwa na nini katika damu. Ganda la sinkona lilitumiwa karne mbili kabla ya kwinini kujulikana, na majani ya pakanga karne kumi na sita. Mbulu na Hanang hazina karne za kungojea. Zina wazee waliobaki, vichaka vilivyobaki, na dawa mseto ambayo haijulikani itadumu miaka mingapi.